Mstari wa 1890 na Ng'ambo ya Kagera

Anayevuka kwa feri kutoka Mwanza hadi Kamanga, akashika njia ya Geita na Bukoba hadi Mutukula, hufika kwenye mpaka wa Tanzania na Uganda, uliochorwa Ulaya. Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana ufuate latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta, ukate Ziwa Victoria na kuendelea magharibi. Mto Kagera haukuzingatiwa. Ndiyo maana kipande cha Tanzania, kama kilomita za mraba 1,800, kiko ng'ambo ya mto.

Kipande hicho ndicho alichokitaka Idi Amin, rais wa Uganda.

Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia. Novemba 1 Uganda ikatangaza kukitwaa, na siku mbili baadaye daraja la Kyaka, kwenye mto huo, likalipuliwa. Raia waliuawa, ng'ombe wakaporwa. Wakuu wa nchi za Afrika walikuwa wamekubaliana Cairo, mwaka 1964, kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, na azimio hilo lilipendekezwa na Rais Nyerere wa Tanzania mwenyewe. Ramani ya wakoloni ilikuwa na kasoro. Kuisahihisha kwa mizinga ilikuwa dhuluma tupu.

Mwaka 1979 Mkoa wa Ziwa Magharibi, wenye kipande hicho, ulipewa jina la mto, Kagera.