Utunzaji wa Ekseli na Giaboksi katika Magari ya Kasi ya Zamani



Magari ya Subaru Impreza na Legacy yaliyotengenezwa Japani katika miaka ya 1990 yana sifa kubwa. Impreza ilishinda mbio za Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 na tena mwaka 2000, na jina lake likavuma. Hata hivyo, ieleweke kwamba gari la mashindano hufuatwa na kundi la mafundi, na vipuri vyake hubadilishwa kabla havijachakaa. Gari la umri huo lililomo mikononi mwa raia halina wa kulifuata isipokuwa mwenyewe. Ndiyo maana mara nyingi injini hubaki na nguvu zake ilhali ekseli na giaboksi ya otomatiki zimekwisha choka.

Kila ekseli ya mbele ina maungio mawili yanayoiwezesha kuzunguka huku gurudumu likikata kona. Maungio hayo, ambayo mafundi huyaita sivi-jointi, hujazwa grisi na kufunikwa kwa mpira. Mpira ulio karibu na bomba la moshi hukaushwa na joto na hupasuka mapema. Ukishapasuka, grisi hutoka, mchanga na maji huingia, na chuma husaga chuma. Dalili ya kwanza ni grisi iliyotapakaa upande wa ndani wa gurudumu. Ya pili ni mlio wa kugongagonga gari linapokata kona. Mpira ukibadilishwa katika dalili ya kwanza, ekseli hunusurika. Mlio ukishaanza, mpira mpya haurejeshi chuma kilicholika. Bandu bandu huisha gogo.

Madhara yake si ya fedha peke yake. Herufi P hufunga gia ndani ya giaboksi, na magurudumu huzuiwa kwa kupitia ekseli. Ekseli ikikatika, gari lililoegeshwa mteremkoni laweza kuondoka lenyewe mahali wanapocheza watoto. Kwa hiyo, hapana budi breki ya mkono ivutwe kila mara.

Ama kuhusu giaboksi, jambo la kwanza ni oili. Katika magari hayo, giaboksi ya otomatiki na difu ya mbele zimeungana, lakini kila moja ina oili yake: nyekundu na nyepesi kwa otomatiki, nzito ya gia kwa difu. Kila oili ina kijiti chake cha kupimia na nati yake ya kumwagia. Hutokea fundi akamwaga oili ya difu akidhani ni ya otomatiki, kisha akaongeza oili nyekundu juu ya ile iliyomo. Difu hubaki kavu na kusagika, na giaboksi hufurika. Mwenye gari anashauriwa asimame karibu na aone ni nati ipi inayofunguliwa.

Jambo la pili ni tairi. Nguvu ya magurudumu ya nyuma husimamiwa na klachi ya sahani nyingi iliyomo giaboksini. Tairi moja ikiwa mpya na tatu zikiwa zimelika, mizunguko hupishana na klachi hiyo hufanya kazi bila ya kupumzika mpaka ikaungua. Gari huwa zito katika kona kali kana kwamba limeshikwa na breki. Tairi nne ziwe za kipimo kimoja na zilike kwa kiasi kimoja.

Jambo la tatu ni kuvuta gari lililoharibika. Injini ikizimwa, pampu ya oili ya giaboksi haifanyi kazi. Kwa hiyo gari la aina hii lisikokotwe kwa kamba, bali lipakiwe juu ya gari jingine, magurudumu yote manne yakiwa hayagusi chini.

Mwenye nia ya kununua gari la namna hii, kabla hajatoa akiba yake, achungulie mipira ya ekseli. Aikague oili nyekundu, kwani ikiwa ya kahawia na yenye harufu ya kuungua, klachi zimeumia. Atie gia ya D na ya kurudi nyuma aone kama gari linachelewa kuitika. Kisha alizungushe polepole katika uwanja, kulia na kushoto, redio ikiwa imezimwa.