Historia ya Wasukuma: Umoja wa Kazi Tangu Kale



Vitabu vingi vya wakati wa ukoloni viliianza historia ya Mwanza mwaka 1858, Mwingereza John Hanning Speke alipofika pwani ya ziwa na kulipa jina la malkia wake. Lakini ziwa lilikwisha kuwa na jina. Wasukuma waliliita Nyanza, nao walikuwa wakilima, wakifuga na kuvua kandokando yake tangu vizazi vingi. Hapana budi historia ya watu hawa ianzie kwao wenyewe.

Vigae vya vyungu vilivyofukuliwa katika nchi za ziwa vinathibitisha kwamba wakulima na wafua chuma waliishi huko yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika karne za baadaye, Warongo wa Uzinza waliyeyusha chuma na kufua majembe, nayo yakapelekwa Usukuma kwa kilimo na hata kwa mahari.

Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Uligawanyika katika tawala nyingi ndogo, kila moja na mtemi wake. Mtemi aliheshimiwa, lakini alitawala pamoja na wazee, na aliyeshindwa kazi aliweza kuondolewa. Kijijini vijana walikuwa na chama chao, elika, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Magugu yalipomzidi mtu nguvu, elika iliitwa. Majembe yakainuka na kushuka kwa mdundo wa ngoma, na mwenye shamba akawaandalia chakula.

Wajerumani walipoingia katika miaka ya 1890, na Waingereza walipoitwaa Mwanza mwaka 1916, mtemi aligeuzwa kuwa mkusanyaji wa kodi wa dola ya kigeni. Hata hivyo, desturi ya kufanya kazi pamoja haikufa. Ilijitokeza tena penye pamba. Mkulima aliyebeba mazao yake hadi kwa mnunuzi hakuwa na hakika ya kile ambacho mizani ilisema, na mara nyingi alipunjwa. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na juhudi hizo vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama Vikuu vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani. Shirikisho hilo lilifikia kumiliki vinu vyake vya kuchambua pamba, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika.

Tangu mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilizuia matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walipolazimishwa kukubali baraza la mseto wa rangi, walikuja Mwanza kwa wingi kulikataa, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Lakini baraza lile halikudumu.

Historia hiyo ina onyo pia. Baada ya Uhuru ushirika ulipanuka, na viongozi wengine wakawa mbali na wanachama. Malalamiko juu ya uendeshaji mbaya yakazidi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kuvirudisha. Ushirika ulianza mkulima aliposimamia mizani yake mwenyewe, nao ulidhoofika pale aliponyimwa nafasi ya kuisimamia.

Kuyasimulia haya si kuchochea ukabila. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi kwenye makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, atawaonyesha sehemu ya urithi wa Watanzania wote. Na mtumishi wa Serikali anayekwenda kijijini na mpango mpya atafaulu zaidi akianza kwa kuuliza jinsi wanakijiji wanavyokusanyika kufanya kazi, na ni nani wanayemwamini kusoma mizani.