Alama za Kanada na Barua ya Paroko

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia, Kilakala, Morogoro)



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wetu wanaotafuta ukaazi wa kudumu Kanada. Suala hili limefika mezani kwenu kwa sababu wazazi wanakuja kuomba barua, na wengine wanaomba mkopo wa kikundi ili wamlipe wakala anayedai kuwauzia alama. Naanza na hilo: alama haziuzwi.

Kanada ilianza kuchagua wahamiaji kwa alama mwaka 1967. Zamani maofisa walitazama zaidi mtu ametoka nchi gani, na Mwafrika alikuwa na nafasi finyu. Mfumo mpya ukauliza: umesoma nini, unajua lugha gani, una umri gani? Katika mpango wa wenye ujuzi, kwa jedwali lililoanza Mei 2013, mwombaji anatakiwa kufikisha 67 kati ya 100. Lugha hubeba 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, ajira iliyothibitishwa 10, na mambo ya kumsaidia kuzoea, kama kuwa na ndugu anayeishi kule, 10.

Tupige hesabu. Kijana ana miaka 29, ana shahada ya kwanza kutoka SUA, na amefanya kazi ya taaluma yake miaka mitatu. Umri unampa 12, shahada 21, uzoefu 11. Jumla 44. Anafanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Akipata 6 katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, anaongezewa 16. Anafika 60, amekwama. Akipata 8 katika kusikiliza na 7 katika hizo nyingine tatu, anaongezewa 24. Anafika 68, amepita. Kijana ni yule yule na cheti ni kile kile. Fedha anayopewa wakala ingefanya kazi zaidi kwa mwalimu mzuri wa Kiingereza.

Hata hivyo, kupata 67 ni ruhusa ya kupanga foleni tu. Tangu Januari 2015 waliofaulu hupangwa upya kwa jedwali la alama 1,200, na serikali huwaita walio juu. Mwaka 2024 raundi za jumla zilidai zaidi ya 500, lakini baadhi ya raundi za wanaojua Kifaransa zilishuka chini ya 400. (Wenzetu waliosomea Kongo na Burundi wamekalia hazina!) Katika jedwali hili umri huanza kupunguza alama mtu akifikisha miaka 30.

Barua ya ajira nayo ilikuwa na alama 50 au 200 katika jedwali hilo la pili. Ziliondolewa tarehe 25 Machi 2025, kwa kuwa barua hizo zilikuwa zimegeuzwa biashara. Anayewaletea leo "ajira ya alama 200" anauza hewa.

Kujiandikisha kwenye foleni ni bure. Ada ya maombi hulipwa baada ya kuitwa. Mwombaji asiye na ajira kule huonyesha pia akiba ya kuanzia maisha; mwaka 2025 ilikuwa zaidi ya dola 15,000 za Kanada kwa mtu mmoja. Fedha ya kukopa haikubaliwi, wala thamani ya nyumba au shamba haihesabiwi. Kwa hiyo mzazi anayeweka rehani shamba lake la Mgeta anapoteza shamba na alama hapati.

Wafadhili wameuliza kwa uwazi: je, tunasomesha wauguzi wa Uluguru au wa Toronto? Ni swali la haki. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Nchi nyingine zinaombwa zisije kuwavuna huku, ingawa mtu binafsi hakatazwi kuomba. Binafsi sioni busara ya kumfunga kijana. Naona tukubaliane naye kwa maandishi, kabla ya kulipa ada ya chuo, atumikie zahanati zetu miaka minne. Miaka hiyo haimpotezei: uzoefu wa mwaka mmoja una alama 9, wa miaka minne 13. Ajue pia kwamba alama hazimpi leseni ya uuguzi. Hiyo ataiomba katika jimbo la Kanada atakalofanyia kazi.

Limebaki suala la barua. Barua ya parokia iseme yale tunayoyajua tu. Katibu akiandika kwamba kijana alikuwa mhasibu wetu miaka mitatu, kumbe alisaidia kuhesabu sadaka, maelezo hayo ya uongo yanaweza kumfungia mlango wa Kanada miaka 5. Jedwali la alama nimemwachia katibu, na kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo lilinganisheni na tovuti ya serikali ya Kanada. Maswali nitayapokea baada ya chai.