Mafunzo ya Vita vya Wamazrui

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa visiwani waliopo Mtowisa, Rukwa





Tumekutana hapa Mtowisa, bondeni mwa Ziwa Rukwa, chini ya milima ya Ufipa, mbali na bahari iliyotulea. Twauza na twanunua katika nchi ya watu waliotupokea kwa wema. Lakini mazungumzo ya jioni huturejesha pwani, na swali huwa lile lile: mtu aliyetumwa na dola kwenda kutawala ng'ambo, akiigeukia dola hiyo na kudai kujitawala, je, uhuru anaoupigania ni wa nani?

Mfano tunao karibu. Mwaka 1698 Waarabu wa Oman waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, baada ya kuizingira tangu 1696. Baadaye maliwali wa Mombasa wakawa wa ukoo wa Mazrui. Katikati ya karne ya 18, ufalme wa Oman ulipotoka kwa Wayaarubi ukamwangukia Ahmad bin Said al-Busaidi, Liwali Muhammad bin Uthman alikataa kumtii. Akauawa kwa hila. Nduguye, Ali bin Uthman, akaitwaa tena ngome. Tangu hapo Mombasa ilijitawala kwa karibu miaka 90.

Ushujaa huo hatuukanushi. Lakini tuitazame Pemba. Kisiwa kile kilikuwa ghala ya Mombasa, na Wamazrui waliokataa kutawaliwa kutoka ng'ambo walikitawala kutoka ng'ambo. Wapemba wakamwendea Sayyid Said bin Sultan kutaka msaada, na mwanzoni mwa miaka ya 1820 Pemba ikawatoka Wamazrui. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Walipobanwa, wakakimbilia bendera ya mgeni. Mwaka 1824 Kapteni Owen akawapandishia bendera ya Uingereza. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka, wakawaacha na adui yao. Mlinzi wa kuazimwa hulinda maslahi yake.

Hata hivyo mizinga ya Sayyid Said peke yake haikutosha. Mashambulizi kadhaa yalishindwa. Kilichouangusha mji ni mfarakano: Wamazrui wenyewe kwa wenyewe, na Tisa Taifa na Thelatha Taifa wasiosikilizana. Mwaka 1837 Sayyid Said aliingia, na wakuu wa Wamazrui wakakamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, pwani ya Uajemi. Hawakurejea.

Walowezi wa makoloni 13 ya Marekani walijitangazia uhuru mwaka 1776, na Uingereza ikautambua kwa mkataba wa Paris wa mwaka 1783. Hao walishinda, kwa sababu walishikamana. Lakini watumwa wao walingoja mpaka 1865. Basi yupo aliyeshindwa na yupo aliyeshinda, na kasoro yao ni moja: kila mmoja alijipimia uhuru pishi kamili, akampimia mwenziwe pungufu.

Sisi wafanyabiashara twaijua dhambi ya kupunja mizani, na Kurani imetuonya. Anayedai haki kwa mkubwa wake na aitoe kwa aliye chini yake: mkewe, kijana wake wa dukani, jirani wa kisiwa cha pili, na Mfipa aliyetukaribisha hapa. Tusipofanya hivyo, siku tutakapozingirwa, atakayefungua lango atakuwa ni yule tuliyempunja.