Uji Kwanza
Leo sitasema juu ya mbuzi wa maziwa. Tulipomzika baba watoto, nilikuwa nawapikia watoto, lakini mimi sili, silali. Ndipo nikasoma habari za Eliya, 1 Wafalme 19. Eliya alitaka kufa. Malaika hakumkemea wala kumhubiria! Alimwamsha ale mkate, anywe maji. Akalala tena, akaamshwa tena ale. Basi nikaanza na kikombe cha uji asubuhi, hata bila hamu. Jioni jirani hunipitia twende mtoni. Siku nyingine hatusemi neno. Kulia, bado nalia. Lakini ukimaliza majuma mawili huli, hulali, nenda zahanati uwaeleze. Na mwenzetu asipokuja mkutanoni, tusikimbilie kumtoza faini. Apelekewe uji.