Fundi Anayefundisha Likizoni Hapati Hasara

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa mafundi, walimu na wazazi wa Lamu, kabla ya likizo ya Agosti



Tumewaita kwa ombi moja. Likizo hii, kila fundi awape watoto wa mtaa wake saa chache kwa wiki, awafundishe kazi ya mikono. Pesa nyingi hazimo. Faida imo, na ndiyo nitakayoieleza.

Kwanza, tuelewane. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni wakati wa likizo. Kwa hivyo hapa hapana mtihani wala kukariri. Mtoto anakuja kwa hiari yake na kwa idhini ya mzazi, kushika sindano, miyaa au patasi.

Najua swali lililo nyoyoni mwa wengi: nikimfundisha mtoto wa jirani, si kesho atanipokonya wateja? Ndugu zangu, mteja hufunga safari kuja Lamu kwa sababu kazi ya mafundi wetu inajulikana. Mji wetu wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na milango ya nakshi ni sehemu ya sifa yake. Mlango ukioza na fundi hayupo, nani atachonga mfaa mpya? Mafundi wakiisha, wateja nao wataisha.

Faida ya pili ni yako mwenyewe. Mkono wako umesuka ukili miaka ishirini bila kufikiri. Siku mtoto wa miaka kumi atakapokuuliza kwa nini mwaa huu unapita chini na ule juu, itabidi usimame, utafute maneno, umwonyeshe polepole. Ukimaliza, utakuwa umeijua kazi yako kuliko jana.

Faida ya tatu wataiona walimu. Mtoto anayeshona kofia hupima kichwa, hukata kitambaa cha mzunguko unaotosha, kisha huyagawa maua yalingane pande zote. Hiyo ni hesabu, ingawa hapana ubao. Mtoto aliyezoea kushika mkia darasani huenda hapo akawa wa kwanza kuelewa. Mwalimu aliyeliona hilo hawezi tena kumwita mjinga muhula ukifunguliwa.

Sasa utaratibu. Anzeni na kitu kidogo kinachokamilika upesi, kama kipepeo cha mkaa, ili mtoto akipeleke nyumbani mama akitumie. Chukueni watoto wachache mnaoweza kuwaangalia wote. Vifaa vyenye makali vibaki mikononi mwa fundi hadi mtoto azoee. Fundisheni mahali pa wazi, mzazi aweze kupita wakati wowote. Na msiwatenge wasichana na patasi, wala wavulana na sindano.

Aliye tayari ampe msimamizi wa wadi yake jina, kazi anayoifundisha na siku anazoweza.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Tuzo ya fundi ni kumwona mtoto wa mtaa wake akiishika kazi vizuri, na kujua kwamba siku macho yake yakichoka, kazi haitasimama.