Silaha ya Kulinda Nyumba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Makindye)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Nimeombwa na Halmashauri ninene machache juu ya swali linaloulizwa mara nyingi hapa mlimani baada ya sala ya Isha, nalo ni hili: mtu atakaye kuweka bunduki nyumbani ajilinde na wezi, achague ya namna gani? Wazee waliopo wanawakumbuka makondo wa miaka ya 1960, na hawakusahau siku zilizofuata kuanguka kwa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, ilipokuwa bunduki imeenea na usiku ukipita kwa milio. Vijana nao wanamkumbuka Sheikh Mustafa Bahiga, aliyeuawa kwa risasi Desemba 2014, na Sheikh Hassan Kirya aliyemfuata Juni 2015. Basi yeyote asiwacheke wenye hofu.

Dini haikutunyima haki ya kujilinda. Tumefundishwa kwamba afaye akiitetea mali yake huhesabiwa shahidi. Walakini Mtume huyo huyo, Sala na Amani zimshukie, aliamrisha kwamba apitaye msikitini na mishale aizuie kwa ncha zake, tena akakataza mtu kumkabidhi mwenzake upanga uliokwisha kufutwa alani. Amri hizo hazikumkusudia adui. Zamkusudia jirani aliyesimama ubavuni mwako.

Kwa hiyo mimi huanza na nyumba kabla ya silaha. Wengi wetu twakaa katika vyumba vya kupanga viitwavyo mizigo, chumba kimeshikana na chumba, na aghalabu ukuta wa kati haufiki paa. Risasi ya bastola hupenya mlango wa mbao na bati, kisha huendelea na safari yake. Upande wa pili amelala nani? Kwa nyumba ya namna hiyo nasema pasipo kuficha: hakuna bunduki ifaayo, iwe kubwa au ndogo, na fedha zake heri zinunue mlango wa chuma, komeo imara na taa ya nje.

Ama mwenye nyumba yake peke yake na ua wake, huyo ana la kufikiri. Bunduki ya marisau ina sifa moja kubwa, kwamba marisau madogo hupoteza nguvu upesi kuliko risasi ya bastola, na hivyo ni nafuu kwa jirani. Lakini watu hudhani haihitaji shabaha, nao wamekosea. Kwa umbali wa chumba marisau hayajatawanyika bado. Tena ni ndefu, hugongana na milango, na kuificha ni taabu, kwa hiyo aghalabu husimamishwa nyuma ya kabati ambako kila mtoto wa nyumba anajua ilipo. Bastola ni ngumu zaidi kuilenga, hasa kwa mtu aliyeamka ghafula mikono ikitetemeka, lakini huingia katika kisanduku kidogo cha chuma kilichofungwa ukutani. Lau ningelazimika kuchagua, ningechagua bastola kwa ajili ya kile kisanduku, wala si kwa ajili ya risasi zake.

Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 yataka mwenye silaha awe na kibali cha polisi, na kibali hicho hufanywa upya kila mwaka. Anayenunua kwa mlango wa nyuma amekwisha kuwa mkosaji kabla mwizi hajafika.

Mtaniambia: je, Westgate? Naam. Tarehe 21 Septemba 2013 mjini Nairobi, Bwana Abdul Haji, Mwislamu mwenzetu mwenye kibali, aliingia na bastola yake katika jumba lililoshambuliwa akawaokoa watu wengi pamoja na wenziwe. Sifa hiyo ni yake, wala siipunguzi. Lakini yeye alikwenda akijua, mchana, macho yamefunguka. Meja Muhammad Kiggundu alikuwa na mlinzi mwenye silaha pale Masanafu tarehe 26 Novemba 2016, na wote wawili waliuawa garini. Anayevizia ndiye anayechagua saa.

Na mara nyingi hatari haitoki nje. Tarehe 12 Mei 2023, hapa hapa Kampala, mkopeshaji fedha Uttam Bhandari alipigwa risasi na konstebo aliyekwisha katazwa kushika silaha kwa sababu ya maradhi ya akili. Bunduki aliichukua kwa mwenzake waliyekaa chumba kimoja. Huko Marekani, madaktari Kellermann na Reay walichunguza vifo vya nyumbani katika eneo la Seattle, wakaandika mwaka 1986 kwamba kwa kila mtu aliyeuawa katika kujilinda kwa bunduki ya nyumba, wengine 43 walikufa kwa kujiua, kwa ugomvi au kwa ajali. Wengi mno walikuwa wamejiua. Mwenye kijana mwenye huzuni nyumbani na alifikirie jambo hili kuliko yote niliyoyasema.

Babu zetu katika Buganda walikuwa na enduulu. Ikipigwa usiku, kila mwenye miguu hutoka, na asiyetoka huulizwa asubuhi. Siku hizi mtu hupiga kelele, na majirani huzima taa. Naiomba Halmashauri, pamoja na mwenyekiti wa LC1, iandike majina na nambari za simu za kila nyumba kumi, na wapatane filimbi ya namna moja, zamu za usiku, na nani atapiga simu polisi.

Na waliokwisha kuwa na kibali na silaha, nawaomba wakirudi nyumbani leo watazame ufunguo wa kisanduku uko wapi, na ni nani mwingine ajuaye ulipo.